Ng'ombe Hazeeki Maini: Maisha ya Mamo Wolde na Swali la Kutundika Daluga

Kila Mtanzania aliyepita shule ya msingi anamjua John Stephen Akhwari. Anajua kwamba mwaka 1968, kule Mexico City, Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea, na akamaliza marathoni akiwa wa mwisho wakati giza limeshaingia na watu wengi wameshaondoka uwanjani. Sasa muulize huyo huyo anayemjua Akhwari: mbio zile alishinda nani? Hapo kimya. Nimeuliza darasani, nimeuliza kantini, nimeuliza kwenye daladala, hali ni hiyo hiyo. Wachache wanataja Abebe Bikila, na siwalaumu sana, maana Bikila kweli alikuwepo. Lakini aliyeshinda ni Mamo Wolde wa Ethiopia, na siku hiyo alikuwa na miaka 36.

Hiyo 36 ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwenye soka letu mchezaji akigusa miaka 32 tu, watu wameanza kumuuliza anatundika lini daluga. Akikosa bao moja la wazi, basi, uzee umemkamata. Kwa upande mwingine tunao wale ambao hakuna anayethubutu kuwagusa kwa sababu ya majina yao, hata kama mguu umekataa waziwazi. Mamo alifariki mwaka 2002, kabla wengi wetu humu chuoni hatujazaliwa, lakini maisha yake yanalijibu swali hili vizuri kuliko mjadala wowote niliowahi kuusikia redioni. Naomba tuyapitie.

Alizaliwa tarehe 12 Juni 1932 katika familia ya Waoromo, kijijini, kiasi cha kilomita 60 kutoka Addis Ababa. Ujanani aliingia jeshini, kwenye kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na kikosi hicho kikampeleka mpaka Korea. Wakati ule jeshi ndilo lililokuwa shule ya riadha ya Ethiopia. Ndani yake kulikuwa na kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen, aliyekuwa akiwakimbiza askari na kuangalia nani ana pumzi.

Mwaka 1956 Ethiopia ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Melbourne, Australia. Mamo alikuwemo, kijana wa miaka 24. Ajabu ni kwamba huyu mtu tutakayemsifia kwa kilomita 42 alipelekwa kukimbia mita 800, mita 1,500 na mbio za kupokezana vijiti. Hakupita mchujo hata mmoja. Akarudi nyumbani mikono mitupu, na miaka minne baadaye, kwenye Olimpiki ya Rome, hakuwemo kabisa kwenye timu.

Rome ndiko alikotokea mwenzake. Abebe Bikila naye alikuwa askari wa kikosi kile kile, naye alizaliwa mwaka ule ule wa 1932, tarehe 7 Agosti. Yaani Mamo alimzidi Bikila kwa siku hata sitini hazifiki. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele. Mwaka 1960 Bikila alikimbia marathoni ya Rome peku na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akawa bingwa wa kwanza wa Olimpiki kutoka Ethiopia. Kuanzia hapo jina likawa kubwa kuliko mtu. Mwaka 1964, Tokyo, wiki kama sita tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, alishinda tena, safari hii kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Hakuna mtu aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Na Mamo je? Naye alikuwa Tokyo. Kwenye mita 10,000 alishika nafasi ya nne, nje kidogo tu ya medali. Kwenye marathoni hakumaliza. Hebu fikiria: ana miaka 32, ameshaenda Olimpiki mbili, hana medali hata ya shaba, na mtu wa rika lake ana dhahabu mbili. Kama Ethiopia ingekuwa na utaratibu wa kuwaondoa watu kwa kuangalia cheti cha kuzaliwa, au kwa kuangalia kabati la medali, Mamo Wolde angeishia pale. Leo hii hata mimi nisingejua kuwa aliishi.

Hakuishia pale. Aliendelea kukimbia kwenye milima ya kwao, akahamisha nguvu zake kwenye mbio ndefu, na hapo ndipo pumzi yake ilipopata mahali pake. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Wakimbiaji wa Ulaya walihangaika na hewa ile nyepesi, lakini Addis Ababa iko juu zaidi, kwa hiyo Mamo alikuwa kama yuko nyumbani. Tarehe 13 Oktoba 1968 alikimbia fainali ya mita 10,000. Katika mzunguko wa mwisho alikuwa anaongoza, kisha Naftali Temu wa Kenya akampita karibu na utepe. Walipishana kwa chini ya sekunde moja. Temu akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Mamo akapata fedha, medali yake ya kwanza baada ya miaka 12 ya kujaribu.

Wiki moja baadaye, tarehe 20 Oktoba, ikaja marathoni. Walioanza walikuwa zaidi ya 70, miongoni mwao Akhwari wetu, Temu, Mamo na Bikila. Macho yote yalikuwa kwa Bikila, anayetafuta dhahabu ya tatu. Lakini mguu wa Bikila ulikuwa na matatizo tangu mwaka uliotangulia. Alianza mbio akiwa na maumivu na kabla ya kilomita ya 20 akatoka. Inasimuliwa kwamba kabla ya kutoka alimsogelea Mamo, akamwambia kuwa yeye hatamaliza, kwa hiyo kazi ya kushinda sasa ni yake. Mamo akaifanya hiyo kazi. Temu, aliyemfunga wiki iliyopita, alijitahidi kumfuata, baadaye akaishiwa nguvu na kumaliza wa 19. Mamo aliingia uwanjani peke yake kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Aliyemfuata, Kenji Kimihara wa Japani, alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika tatu. Akhwari aliingia zaidi ya saa moja baada ya Mamo, na hiyo sehemu tunaijua.

Sasa turudi kwenye zile tarehe za kuzaliwa. Mbio ni zile zile, jeshi ni lile lile, nchi ni ile ile, na umri ni mmoja, wote wawili 36. Mmoja mwili wake ulikuwa umeshasema imetosha, mwenzake ndiyo kwanza kilele kinafika. Ungeuangalia umri tu ungewaacha wote wawili nyumbani na kukosa dhahabu. Ungeliangalia jina tu ungemtegemea Bikila, na dhahabu ungeikosa vilevile. Kitu pekee kilichowatofautisha ni hali ya miguu yao mwezi ule, na hiyo huwezi kuijua bila kupima.

Kwetu Gulwe, wilayani Mpwapwa, huo mjadala upo kila likizo. Uwanja una vumbi na kila mtu pale ni kocha. Kuna mshambuliaji mtu mzima ambaye umri wake hautajwi kwa heshima, ila watoto wake wa kwanza wameshamaliza kidato cha nne. Vijana wanasema mzee apumzike, anaziba nafasi. Wazee wanajibu kwamba huyo ndiye aliyewafunga majirani miaka ile, na kwamba ng'ombe hazeeki maini. Wanabishana hivyo hadi jua linazama. Nimewasikiliza sana na nikagundua kwamba kundi moja linapigia kura umri, jingine linapigia kura jina. Hakuna anayesema tumpange na kijana mmoja, tuwape dakika thelathini kila mmoja, tuone nani anafika kwenye mpira.

Tatizo hili si la Gulwe peke yake wala si la riadha na soka tu. Kwenye kriketi, ule mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu unaochezwa pale Gymkhana Dar es Salaam, Waingereza wana kisa kinachofanana na hiki. Mtu maarufu kuliko wote katika mchezo huo enzi zake aliitwa W. G. Grace, daktari mwenye ndevu ndefu. Mwezi Juni 1899, mjini Nottingham, alicheza mechi yake ya mwisho ya kimataifa dhidi ya Australia akiwa na miaka 50. Gongo bado alikuwa analiweza, lakini mwili ulikuwa mzito, kuinama kuokota mpira ikawa shida, na watazamaji wakaanza kumzomea. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kamati ya kuchagua timu, angeweza kujibakiza. Akajiondoa. Katika mechi hiyo hiyo alikuwemo kijana wa miaka 21 anayeanza, Wilfred Rhodes. Rhodes huyo alikuja kucheza mechi yake ya mwisho ya kimataifa mwaka 1930, kule Jamaica, akiwa na miaka 52. Kwa hiyo hata hao wenye mchezo wao hawakupata namba moja ya miaka inayomfaa kila mtu. Walichofanya ni kuangalia kama mtu bado anafika kwenye mpira, na Grace anastahili heshima kwa sababu alijipima mwenyewe na akayakubali majibu.

Mamo naye aliendelea kujipima. Mwaka 1972 alikwenda Munich, Ujerumani, kutetea ubingwa wake akiwa na miaka 40. Arobaini! Mdogo wake, Demissie Wolde, naye alikuwa kwenye mbio hizo hizo akiiwakilisha Ethiopia, na alimaliza nyuma ya kaka yake kwa mbali. Frank Shorter wa Marekani alishinda, Karel Lismont wa Ubelgiji akawa wa pili, na Mamo akapata shaba kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 8. Viatu vilimsumbua, na alilalamikia hilo baadaye. Kwenye saa, muda huo ni bora kwa dakika tano kuliko ule wa dhahabu ya Mexico. Ni kweli Munich haina hewa nyepesi kama Mexico, lakini bado: mtu wa miaka 40 anakimbia muda kama ule uliompa Bikila dhahabu ya Rome. Anayesema kwamba Mamo alikuwa anaziba nafasi ya kijana aniambie ni kijana yupi wa Ethiopia aliyemshinda siku ile.

Bikila alikuwepo Munich, lakini kama mgeni wa heshima, kwenye kiti cha magurudumu. Mwezi Machi 1969 alipata ajali ya gari na akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Hata hivyo hakuacha michezo, alihamia kwenye kulenga shabaha kwa mishale na akashindana Uingereza katika michezo ya watu wenye ulemavu. Alifariki Oktoba 1973 akiwa na miaka 41.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1973 ilifanyika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Nigeria, na hapa Watanzania tuna sehemu yetu. Katika mita 1,500 Kipchoge Keino wa Kenya, gwiji aliyeshinda dhahabu Mexico na Munich, alikutana na Filbert Bayi, kijana wetu wa miaka 19. Bayi akamshinda. Keino alikuwa na miaka kama 33, na baada ya hapo hakurudi tena Olimpiki. Kwenye michezo hiyo hiyo, marathoni ilishindwa na Mamo Wolde, miaka 40. Angalia vizuri hapo. Mkubwa wa miaka 33 alipitwa na kijana, na mkubwa wa miaka 40 hakupatikana wa kumpita. Hakuna aliyeonewa, kwa sababu wote waliwekwa kwenye mstari mmoja na wakaambiwa wakimbie.

Maisha ya Mamo baada ya mbio ni mazito, na siwezi kuyaruka ili hadithi iwe tamu. Mwaka 1974 mapinduzi yalimwondoa Haile Selassie na wanajeshi wakashika nchi. Mamo alipewa wadhifa kwenye serikali ya mtaa. Miaka ya 1977 na 1978 utawala ule uliua watu wengi, hasa vijana, katika kipindi kinachojulikana kama Ugaidi Mwekundu. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1991, waliokuwa na vyeo walianza kukamatwa, na Mamo aliwekwa ndani akituhumiwa kuhusika na mauaji ya mtoto wa miaka 15. Yeye alikana kuua, akieleza kwamba alilazimishwa tu kuwepo mahali pale. Alikaa gerezani miaka mingi bila kesi kumalizika. Miongoni mwa waliompigania alikuwemo Mmarekani Kenny Moore, mkimbiaji aliyeikosa shaba ya Munich kwa sababu Mamo alimtangulia kwa nusu dakika, na baadaye akawa mwandishi. Mwezi Januari 2002 mahakama ilimtia Mamo hatiani na kumpa kifungo cha miaka sita. Kwa kuwa alikuwa ameshakaa ndani miaka tisa, aliachiwa. Alifariki tarehe 26 Mei mwaka huo, akiwa na miaka 69, na akazikwa Addis Ababa karibu na kaburi la Bikila.

Sitaki kujifanya hakimu wa kesi ile. Kuna mtoto aliyekufa, na familia yake ilikuwa na haki ya kudai majibu bila kujali medali za mtu. Ninachokiona mimi kama mwalimu mtarajiwa ni kwamba wakati wa kumpima Mamo uwanjani kulikuwa na saa na utepe. Alipotoka uwanjani akapewa cheo kwa sababu ya jina. Hakuna aliyempima kwa kazi ile, na sidhani kama kuna aliyemuuliza kama anaitaka. Sisi huwa tunauliza sana mkubwa aondoke lini, ila ni mara chache tunauliza anaondoka kwenda wapi. Yule mzee wetu wa Gulwe akiambiwa leo atundike daluga, kesho yake hana shughuli uwanjani, hana filimbi ya uamuzi, hana watoto wa kufundisha. Kwa nini aondoke?

Sasa niseme na wenzangu wa chuo. Kwenye kozi ya upimaji na tathmini tunafundishwa kwamba kipimo kizuri ni kile kinachopima kitu kilichokusudiwa. Ukitaka kujua kama mtoto anaweza kusoma, unampa kitabu asome, humuulizi amezaliwa mwaka gani wala kaka yake alipata ngapi. Tunajibu hivyo kwenye mtihani na tunapata alama. Halafu tunatoka nje kuchagua timu ya kitivo na tunayasahau yote. Nimeshuhudia mwenyewe timu moja ikipangwa kwa majina ya mwaka jana, wa mwaka wa kwanza wakikaa benchi bila kuguswa mpira. Nimeshuhudia pia walimu waliotoka kazini kuja kuongeza elimu, watu wa miaka 38 au 42, wakija mazoezini na kupokelewa kwa shikamoo nyingi na kicheko cha chini chini, kisha wakiombwa wasimamie mabegi ya vijana. Mmoja wao alikuwa anakimbia kuliko nusu ya waliomwachia mabegi.

Makosa haya mawili ni ndugu. Anayempanga mtu kwa jina na anayemwacha mtu kwa umri wote wamekwepa kazi ya kupima, kwa sababu kupima kunachosha na majibu yake yanaweza kumuudhi rafiki. Na siku moja haitoshi kuwa kipimo. Akhwari aliyemaliza wa mwisho Mexico alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh miaka miwili baadaye na kumaliza wa tano. Angehukumiwa kwa siku moja ya Mexico, ile ya Edinburgh isingekuwepo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa viongozi wa michezo ni dogo na halihitaji bajeti. Kabla ya michezo ya vyuo mwaka huu, kila nafasi kwenye kila timu itangazwe wazi, majaribio yafanyike angalau mara tatu, kila anayetaka aje, wa mwaka wa kwanza na mwalimu wa miaka 42, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kama tunavyobandikiwa matokeo ya mitihani. Mkongwe akishinda, aingie na tusimuulize ana miaka mingapi. Akishindwa, apewe mikono yetu yote miwili, na siku hiyo hiyo aambiwe kazi inayomsubiri: ukocha, uamuzi, au kulea wanaoanza. Mamo Wolde alishindwa Melbourne akiwa kijana na akashinda Mexico, na hata Lagos, akiwa mtu mzima, na nafasi ya kulijua hilo ilipatikana kwa sababu kila mara kuna mtu aliyemruhusu asimame kwenye mstari.